Mwea ilichimbwa na wafungwa, halafu wengine wakapewa leseni

Sisi watu wa Mwea hatuna mwanzilishi. Miji mingine ya wakulima hapa Kenya utaambiwa kulikuwa na setla fulani alikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, akafungua duka, reli ikafika, mji ukaanza, na jina lake liko kwa barabara au lilikuwepo kabla halijabadilishwa. Wang'uru, mji wetu wa Mwea (wengine bado wanasema Ngurubani, wote wako sawa) ukiuliza nani alianza huu mji utajibiwa kila mtu na yake, na yote nusunusu. Mara nyingi watakuonyesha familia ambazo mzee wao alipata shamba kwa skimu ya kunyunyizia mpunga miaka ile ya mwisho ya hamsini. Hao ndio tunawaita wa kwanza, wana heshima yao kwa matanga na kwa mikutano ya ushirika, na kusema ukweli mimi pia ni mjukuu wa mmoja wao kwa hivyo ningekuwa na sababu nzuri ya kunyamaza hapo.

Lakini hiyo orodha naona imeanza katikati. Guka, babu yangu, alipofika alikuta kaneli, yaani mfereji wa maji, iko tayari. Maji yalikuwa yanatembea. Nani alichimba?

Kwanza nieleze mahali penyewe kwa wale wanapapita tu. Ukitoka Nairobi unapita Thika, unafika Makutano, unakata kulia kuelekea Embu, na baada ya muda unaanza kuona uwanda wa kijani umelala chini kabisa na Mlima Kenya uko kule juu. Kuna wamama kando ya barabara na magunia ya mchele yamefunguliwa midomo. Hiyo ndiyo Mwea, kaunti ya Kirinyaga, karibu kilomita 100 kutoka Nairobi. Udongo ni ule mweusi unaonata, ukinyesha gari haitoki na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mahindi hauyapendi sana, ila unashika maji na usiyaachilie, na hiyo ndiyo mpunga unataka.

Zamani hapa hapakuwa kijiji. Watu wa Ndia na Gichugu walikaa juu kule kwenye baridi kidogo, penye ndizi na viazi, na uwanda walishukia kulisha ng'ombe na mbuzi, hata Wambeere kutoka upande wao walileta mifugo. Ukilala huku ulikuwa unalala na mbu. Kwa hivyo ilikuwa ardhi yenye wenyewe, koo zilijuana mpaka wapi ni wapi, ila haikuwa na nyumba nyingi, na serikali ya mkoloni ilipoangalia ikaona mahali patupu. Wakoloni walikuwa na macho ya aina hiyo.

Sasa ingia 1954. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, Mau Mau wako msituni, na maelfu ya wanaume wamekamatwa na kutupwa Manyani, Mackinnon Road na kambi zingine. Mwaka huo huo wa 1954 ndio serikali ilitoa ule mpango wa Swynnerton wa kubadilisha kilimo cha Waafrika, mashamba yaunganishwe, watu wapewe hati, wapande mazao ya kuuza. Kwa hivyo upande mmoja wana mpango mkubwa wa ardhi na upande wa pili wana wanaume wengi wenye nguvu wamefungwa bila kazi. Hapo hata usipoambiwa unajua itaenda wapi. Mwea ilianza 1954 na mikono ya wafungwa. Na si Mwea peke yake, Perkerra kule Marigat na Hola kule Tana River zilianza kipindi hicho hicho na kwa njia hiyo hiyo. Skimu tatu za unyunyizaji ambazo watoto wetu wanasoma kwa vitabu kama maendeleo, zote tatu zilichimbwa na watu waliokuwa wamefungwa, wengi bila kufikishwa kortini.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mito miwili mikubwa inashuka kutoka mlimani, Nyamindi na Thiba. Maji ya mpunga wa Mwea hayasukumwi na pampu, yanateremka yenyewe, kwa hivyo inabidi mfereji ukatwe kwa kipimo, ukiinamisha sana maji yanakula kingo, ukiinamisha kidogo yanalala na matope yanajaa. Mito yenyewe iliunganishwa kwa mfereji mmoja mrefu ili Nyamindi iongezee Thiba maji. Halafu kutoka kwa ule mkubwa unatoa wa kati, kutoka kwa wa kati unatoa mdogo, mpaka unafika kwa jaruba la mtu. Majembe, sururu, beleshi na karai. Hapo ndipo jasho la watu wengi lilimwagika na hakuna kibao hata kimoja cha kusema hivyo.

Na jasho silo lilikuwa baya zaidi. Kambi za Mwea zilikuwa Thiba, Gathigiriri, Kandongu na nyingine, majina ambayo leo ni vituo vya matatu. Mwaka 1957 afisa anaitwa Terence Gavaghan aliwekwa kusimamia kambi za hapa, na kazi yake ilikuwa kuvunja wale wafungwa sugu waliokataa kukiri kiapo cha Mau Mau. Walikuwa wanaletwa kidogo kidogo kutoka Manyani na kuchanganywa na walioshavunjika, na siku ya kufika tu walilazimishwa kunyolewa na kubadilisha nguo, anayekataa anapigwa mpaka akubali. Barua za serikali yenyewe za 1957, za mwanasheria mkuu Griffith-Jones, zinaeleza vile mfungwa akianza kulia ule mlio wa kuhamasisha wenzake alilazwa chini, akakanyagwa kooni na kujazwa matope mdomoni. Matope ya Mwea. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilikaa kidogo, kwa sababu ni matope ambayo sisi tumecheza ndani tangu tukiwa wadogo na hakuna aliyewahi kutuambia.

Mtindo huo ndio ulipelekwa Hola, na tarehe 3 Machi 1959 watu 11 wakapigwa mpaka wakafa walipokataa kufanya kazi ya shamba la skimu. Hola ikavuma mpaka bunge la Uingereza, Mwea ikabaki kimya kwa sababu Mwea ilikuwa imefaulu. Faili nyingi za mambo haya zilifichwa Uingereza, mahali panaitwa Hanslope Park, mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ikazitoa nje 2011, na Juni 2013 waziri William Hague akasimama bungeni kwao akasema wanasikitika, wakalipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ukigawanya utaona mwenyewe ni shilingi ngapi kwa mtu.

Ukitaka kumbukumbu ya zile kambi usitafute makumbusho. Gathigiriri bado ni jela mpaka leo. Wamumu, ambapo walifungia vijana wadogo wa Mau Mau, ilikuwa shule ya kurekebisha watoto na imebaki hivyo. Ile tabia ya mahali haikubadilishwa hata kidogo, walibadilisha bendera tu.

Haya, wakafunguliwa. Baadhi ya hao hao waliochimba walipewa mashamba, na wengine walikuwa watu wa juu kule wasio na ardhi, maana mashamba yalipokuwa yanaunganishwa miaka ya hamsini kuna waliorudi kutoka kizuizini wakakuta mambo yashapangwa wakiwa hawapo. Guka alikuwa katika hao wa pili. Kila mtu ekari 4 za mpunga na plot ya nyumba kijijini, kwa sababu hukuruhusiwa kujenga kwa shamba, mnakaa pamoja kwa kijiji kilichopimwa na mnaenda kazi asubuhi. Skimu iligawanywa sehemu tano: Tebere, Mwea, Thiba, Wamumu na Karaba. Zikafika familia zaidi ya 3,000.

Ila hawakupewa kama mtu anavyopewa shamba. Walipewa leseni. Baada ya uhuru, 1966, ikaundwa Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, sisi tuliita Bodi tu, na masharti ya mkoloni yakahamia kwa serikali yetu karibu vile yalivyokuwa. Wazee wanayakumbuka kwa kichwa. Unatakiwa kutoa muda wako wote kwa shamba hilo. Huwezi kuondoka skimu zaidi ya mwezi mmoja bila ruhusa ya meneja ya maandishi. Mifugo ni kwa kibali. Unapanda siku uliyoambiwa, mbegu uliyopewa, trakta ya skimu inalima na gharama inaandikwa kwa jina lako, mbolea inaandikwa, maji yanaandikwa, na ukivuna mpunga wote unaenda Bodi, unaachiwa magunia machache ya kula. Ukikosea unatolewa, wewe na mke na watoto, maana nyumba nayo ni ya skimu. Na ukifa anarithi mtu mmoja tu uliyemtaja.

Wataalamu walitoka kila pembe ya dunia kuja kuona. Mwea ilikuwa inatajwa kama skimu ya mfano Afrika, mavuno yalikuwa mazuri kweli, wapangaji, yaani wenye leseni, walikuwa wanapata pesa kuliko majirani wengi wa juu, na sitaki kudanganya hapa: guka alinunua redio na baiskeli na akasomesha kwa mpunga huo. Hiyo ni kweli na masharti nayo ni kweli. Ukikutana na mzee wa skimu anasifu nidhamu ya zile siku, usimcheke, ana sababu. Kaneli zilikuwa safi.

Sasa nije kwa cucu, nyanya yangu, maana hapa ndipo historia ya mji inaanza kwa maoni yangu.

Leseni ilikuwa ya guka. Pesa ya Bodi ililipwa guka. Kazi ya kupandikiza, kupalilia na kufukuza ndege ilikuwa ya cucu na watoto. Kupandikiza mpunga ni kuinama ndani ya maji kutoka asubuhi na kurudi nyumanyuma ukichomeka miche kidogo kidogo, mgongo unakuwa si wako tena. Na kule juu kwao mwanamke alikuwa na kashamba kake ka maharagwe, viazi, ndizi, anapika bila kuomba mtu. Huku shamba lote ni mpunga. Wakikuyu wa wakati huo hawakuuhesabu mchele kuwa chakula cha kila siku, mtu anataka githeri, kwa hivyo unakaa kati ya ekari 4 za nafaka na unaenda sokoni kununua mahindi na maharagwe. Kuni nazo hakuna, uwanda hauna miti, kuni ni za kununua. Pesa ya kununua iko wapi? Kwa mfuko wa mzee. Na mzee anaipata mara moja kwa mwaka, na wazee wengine siku ya malipo walikuwa wanapotea kidogo, tuache hapo.

Wamama wakatafuta njia. Mwanaume alimpa mkewe sehemu ya yale magunia ya kula kama shukrani ya kazi, yeye akauza. Kuuza mchele nje ya Bodi ilikuwa makosa. Kwa hivyo ulitoka usiku, juu ya punda, juu ya baiskeli, wakati mwingine debe limefunikwa na nguo chafu kana kwamba mtu anaenda mtoni. Mnunuzi alikuwa wapi? Alikuwa kando ya barabara ya Embu, mahali ambapo leseni haifiki. Alikuwa Wang'uru. Cucu aliongea juu ya hizo safari akicheka sana, na sehemu ya askari wa skimu kumulika tochi alikuwa anaisimulia kwa kuigiza. Sisi tulidhani ni hadithi za ucheshi. Kumbe alikuwa anatueleza vile soko la Mwea lilianza, na mahindi na kuni za nyumba yetu zilitoka wapi. Ukiona leo maduka ya mchele yamejipanga kutoka steji mpaka kule chini, na mashine za kukoboa zinapiga kelele usiku na mchana, ujue ile biashara ilianza kama magendo ya wamama.

Wa tatu kwa orodha yangu ni vijana. Kama mrithi ni mmoja na nyinyi ni ndugu saba, sita mnaenda wapi? Wengine walienda Nairobi. Wengi walibaki kijijini kwa nyumba za kubanana, wakafungua kinyozi, hoteli, duka la spea za baiskeli, na wengine wakatazama maji yanayotoka mwisho wa skimu, yale yaliyotumika, yanaenda tu, wakayakinga. Wakalima mpunga nje ya mipaka, bila leseni, bila mbegu ya Bodi. Mpunga huo ukaitwa jua kali na mashamba hayo yakaendelea kupanuka mpaka leo ni sehemu kubwa ya Mwea, huwezi kuiondoa ukabaki na hesabu.

Ilipofika miaka ya tisini nchi nzima ilikuwa inafunguliwa masoko, chai, kahawa, mahindi, watu wanaongea wazi, na mkulima wa Mwea anaona mchele wake unauzwa Nairobi bei ambayo haifanani kabisa na ile anayolipwa. 1998 wakasema imetosha. Wakakataa kupeleka mpunga Bodi, wakaupeleka kwa ushirika wao. Ukawa vita, barabara ikafungwa, na Januari 1999 polisi wakapiga risasi na vijana wawili wakafa. Nilikuwa mtoto, nakumbuka tu kwamba hatukwenda shule na kwamba sauti za watu wazima zilikuwa chini. Baada ya hapo Bodi ikatoka na wakulima wakachukua skimu yao wenyewe.

Na hapa watu wengi wakisimulia wanasimama, ushindi, makofi. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu jamani. Kumbe kuendesha kaneli ni kazi ya watu na mashine na pesa, ushirika haukuwa na trakta za kutosha za kutoa matope, kila mtu wa juu anafungua maji anavyotaka na wa chini anakaa na nyufa, ratiba ya upandaji ikavunjika, na wale wa jua kali nao wana watoto wanataka kula. Ndugu walipigania maji usiku na majembe. 2003, serikali mpya imeingia, ikaafikiwa Bodi irudi, lakini safari hii kwa mipaka: wao washughulike na mifereji mikubwa na utafiti, wakulima kupitia vyama vyao vya maji washughulike na ile midogo, na kila mtu auze mchele wake anapotaka. Mpaka sasa ndivyo ilivyo, ila tangu sheria ya 2019 Bodi inaitwa Mamlaka. Kilio cha hati miliki ni cha miaka yote hiyo na bado kwa kila kampeni ndicho ahadi ya kwanza.

Nikae kidogo kwa mbu maana watu wa nje huuliza. Ungetarajia maji yote haya yalete malaria kushinda kila mahali. Watafiti waliofanya kazi Mwea miaka ya 2000 walikuta vijiji vya mpunga vina mbu wengi mno lakini malaria si nyingi kama walivyodhani, na sababu moja ni ng'ombe: yule mbu wa hapa, arabiensis, ng'ombe akiwa karibu anamuuma yeye kuliko mtu. Wale ng'ombe wa kibali! Kichocho ndicho kilitusumbua zaidi sisi tuliokuwa tunaogelea kwenye kaneli, dawa shuleni kila mara na bado jioni tunarudi majini.

Siku hizi tuna bwawa la Thiba kule juu Gichugu, lilifunguliwa Oktoba 2022, linashika maji ya mita za ujazo milioni 15.6, na tofauti inaonekana kwa macho, wa chini kabisa anapata zamu. Tuna kombaini za kuvuna, nyasi za mpunga zinafungwa marobota na kuuzwa kwa wafugaji, hakuna kinachotupwa. Tuna pia konokono mpya, mkubwa wa rangi ya dhahabu, alionekana 2020 na anatafuna miche michanga mpaka unarudia kupanda, mayai yake ni ya pinki yameshikana kwa mashina, ukiyaona unayaponda. Zile ekari 4 za guka sasa ni vipande vya ekari moja, nusu, robo, kwa karatasi bado ni leseni moja ila kwa matuta kila shangazi na mjomba ana mstari wake.

Na anayeinama ndani ya maji si sisi tena kwa kiasi kikubwa. Hii nilitaka kuisema kwa sababu tukianza kuandika orodha ya waanzilishi tusiirudie ile ya zamani. Tunapoanza kupandikiza, kuanzia Julai hivi, alfajiri steji ya Wang'uru inajaa watu wa kibarua, wengi kutoka Ukambani na kwingine kukavu, wanangoja kuitwa kwa vikundi, mnapatana kwa ekari, wanapanda nyuma ya probox na miguu inaning'inia nje. Mama anayetupandikizia sisi alikuja kwa msimu mmoja tu akipanga kurudi. Amepanga chumba cha mabati nyuma ya mashine za kukoboa, anauza chapati miezi ambayo hakuna kazi, na kijana wake wa kwanza anaongea Kikuyu cha Gichugu kunishinda na tayari ameuliza kwetu kama tunaweza kumkodishia robo ekari ile ya mwisho karibu na mtaro, ile ambayo sisi ndugu tumeigombania miaka na hakuna anayeilima.